Kuchagua Kipokezi cha GPS kwa Safari za Nyikani: Mfano wa Nyalikungu

UTANGULIZI

Msafiri anayeondoka Nyalikungu, kata iliyo katika mji wa Maswa, Mkoa wa Simiyu, akaiacha barabara ya lami inayotoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi, huingia mara moja katika nchi ya njia nyingi zisizo na majina. Wakati wa kiangazi njia hizo huonekana wazi. Mvua zinaponyesha, udongo mzito mweusi, ambao Wasukuma huuita mbuga, hunyonya maji, huvimba na kunata. Pikipiki hukwama, na kila mpita njia huzunguka kwa upande wake. Njia ya jana huenda isiwe njia ya leo.

Hata hivyo, kazi hazingoji kiangazi. Bwana shamba hutakiwa kuyafikia mashamba ya pamba, mpimaji wa visima hutakiwa kukirudia kisima alichokiona mwaka uliopita, na mhudumu wa afya hutakiwa kuifikia kaya iliyo mbali na barabara. Watu hao na wengine wengi hutumia kipokezi cha GPS cha mkononi, yaani chombo kidogo kinachopokea mawimbi ya setelaiti na kuonyesha mahali kilipo.

Miongozo mingi ya kuchagua chombo hiki imeandikwa katika nchi za baridi. Katika Canada na Finland, kwa mfano, wako wanaosafiri nyikani kwa pikipiki za theluji. Kwao, theluji mpya hufunika njia, baridi kali hudhoofisha betri, na vidole vilivyovikwa glavu nene hushindwa kubonyeza vitufe vidogo. Msafiri wa Maswa ana shida iliyo ndugu ya hiyo, lakini si hiyo hasa: kwake njia hufunikwa na tope, na adui wa chombo ni vumbi, jua, mtikisiko na uhaba wa umeme. Hivyo basi, kipokezi kinachosifiwa kule si lazima kiwe bora hapa.

Makala haya yanaeleza kanuni za kisayansi zinazomwezesha mtu kuchagua kwa akili. Hoja yake kuu ni moja: kosa kubwa kuliko yote katika matumizi ya GPS nchini Tanzania mara nyingi halitokani na ubovu wa chombo, bali hutokana na mtumiaji kutojua namba anazozisoma zimepimwa kutoka wapi.

JINSI KIPOKEZI KINAVYOTAMBUA MAHALI

Setelaiti ya kwanza ya mfumo wa GPS ilirushwa na Marekani mwaka 1978, na mfumo mzima ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Kwa kawaida setelaiti zisizopungua 24 huizunguka dunia zikiwa kilomita 20,200 hivi juu ya uso wake. Kila setelaiti imebeba saa za atomu, na wakati wote hutangaza mambo mawili: mahali ilipo, na saa kamili ya kutangaza.

Kipokezi hulinganisha saa ya kutangazwa na saa ya kupokea. Kwa kuwa mawimbi ya redio husafiri kwa mwendo wa nuru, yaani karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, tofauti ya muda ikizidishwa kwa mwendo huo huleta umbali. Wimbi linalotoka setelaiti iliyo utosini hutumia sekunde 0.067 tu kufika Nyalikungu.

Umbali kutoka setelaiti moja huonyesha kwamba kipokezi kiko mahali fulani juu ya tufe kubwa lenye setelaiti hiyo katikati yake. Umbali wa pili na wa tatu hupunguza nafasi hizo hadi kubaki moja inayowezekana. Lakini saa ya kipokezi ni ya bei ndogo wala haiwezi kulingana na saa ya atomu. Ikikosea kwa sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa kwa mita 300. Kwa sababu hiyo setelaiti ya nne huhitajika, ili kosa la saa likokotolewe pamoja na latitudo, longitudo na kimo. Mwanafunzi wa hisabati atatambua kanuni anayoijua: mambo manne yasiyojulikana hudai milinganyo minne.

Saa za setelaiti nazo zina jambo lake. Kwa mujibu wa nadharia za Einstein, mwendo wa setelaiti huchelewesha saa, na udhaifu wa mvutano wa dunia kule juu huiharakisha. Matokeo yake ni kwamba saa hizo hutangulia za duniani kwa sehemu 38 hivi za milioni ya sekunde kila siku. Jambo hili lisingerekebishwa, makosa ya umbali yangeongezeka kwa kilomita 11 hivi kwa siku.

Yafaa isisitizwe kwamba chombo hiki hupokea tu. Mtu aliyepotea akiwa na kipokezi cha kawaida hujua mahali alipo, lakini hakuna mtu mwingine ajuaye. Ili habari zake zifike kwa wengine, chombo hakina budi kuwa pia na kipeleka mawimbi, na vyombo vya namna hiyo huongozwa na sheria za mawasiliano za nchi.

VYANZO VYA MAKOSA

Hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiharibu kwa makusudi mawimbi yaliyotolewa kwa raia, hata makosa yakaweza kufikia mita 100. Uharibifu huo ulikomeshwa mwanzoni mwa mwezi wa Mei mwaka huo. Tangu hapo, kipokezi cha mkononi kilicho mahali pa wazi kwa kawaida hukosea kwa mita chache tu. Makosa yaliyobaki hutoka hasa katika mambo mawili.

La kwanza ni ayonosfia, tabaka la juu la hewa ambamo mionzi ya jua hutenganisha elektroni na atomu zake. Elektroni hizo huchelewesha mawimbi ya redio. Katika eneo la ikweta ya sumaku ya dunia, ambayo katika Afrika Mashariki hupita Ethiopia, elektroni huinuliwa juu kisha hushuka kaskazini na kusini na kufanya matuta mawili. Tuta la kusini hufika juu ya Tanzania. Kwa hiyo Maswa, ingawa ina anga wazi, si mahali rahisi kwa GPS. Baada ya jua kutua, mawimbi huweza hata kumetameta kama nyota na kupotea kwa muda. Hali hiyo huzidi katika miaka ya madoa mengi ya jua, ambayo hurudia kila baada ya miaka 11 hivi.

La pili ni mwangwi. Wimbi linalogonga jiwe kubwa la matale, paa la bati au ukuta, kisha likakifikia kipokezi, limesafiri safari ndefu kuliko lile lililokuja moja kwa moja. Anayepima chini ya mwamba, au mlangoni pa ghala la pamba lenye kuta za bati, hupata jibu lililopotoka.

Vipokezi vya kisasa hupunguza makosa haya kwa njia mbili. Kwanza, vingi husikiliza pia setelaiti za mifumo mingine, yaani GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China, ambayo ilikamilika mwaka 2020. Setelaiti zikiwa nyingi, ni rahisi kuziacha zile ambazo mawimbi yake si safi. Pili, vingine hupokea mawimbi ya masafa mawili, kwa mfano ya megahezi 1575.42 na ya megahezi 1176.45. Ucheleweshaji wa ayonosfia hutegemea kinyume cha mraba wa masafa. Hivyo wimbi la masafa ya chini huchelewa zaidi. Chombo kikipima tofauti ya mawimbi hayo mawili huweza kukokotoa ucheleweshaji wenyewe na kuutoa. Kwa nchi iliyo chini ya tuta la ayonosfia, sifa hii ina thamani ya kweli.

Kuna sifa nyingine inayotangazwa sana ambayo haina faida hiyo. Matangazo hutaja marekebisho ya WAAS au EGNOS. Mfumo wa WAAS ulijengwa kwa ajili ya Amerika ya Kaskazini, na EGNOS kwa ajili ya Ulaya. Marekebisho yao hayakukokotolewa kwa anga ya Tanzania, na mnunuzi wa Maswa hana sababu ya kuyalipia.

MITA MIA TATU ZILIZOFICHIKA

Makosa yaliyotajwa hadi sasa ni ya mita chache. Liko lingine la mamia ya mita, ambalo setelaiti hazihusiki nalo hata kidogo.

Latitudo na longitudo si alama zilizochongwa ardhini. Ni namba zinazohesabiwa juu ya umbo la dunia lililokubaliwa, kutoka kianzio kilichokubaliwa. Umbo na kianzio hicho kwa pamoja huitwa datumu. GPS hutumia datumu ya dunia nzima iitwayo WGS 84. Lakini ramani za zamani za Tanzania za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado zimo katika ofisi na shule nyingi, zilichorwa kwa datumu iitwayo Arc 1960. Datumu hiyo ilitokana na upimaji mkubwa wa tao la meridiani ya 30 Mashariki, uliopita katikati ya Afrika toka kusini hadi kaskazini na kukamilishwa katika miaka ya 1950. Ilikuwa kazi ya kusifiwa kwa zama zake. Lakini kianzio chake hakilingani na kiini cha dunia kama setelaiti zinavyokijua.

Matokeo yake ni kwamba mahali pamoja huwa na namba mbili tofauti. Katika eneo la Maswa, mtu akisoma namba kwenye ramani ya Arc 1960 na kuziingiza katika kipokezi kilichowekwa WGS 84, kipokezi kitampeleka zaidi ya mita 300 kutoka mahali alipokusudia, hasa upande wa kaskazini na kidogo magharibi. Kipokezi hakitalalamika. Kitaonyesha kwamba usahihi wake ni mita 3, na kwa namna yake kitakuwa kinasema kweli: kimemfikisha kwa usahihi mahali pasipostahili.

Mita 300 ni nyingi kiasi gani? Kwa anayetafuta kijiji si kitu. Kwa anayetafuta kisima kilichofunikwa na majani, ni siku nzima iliyopotea. Lakini jambo ni zito zaidi mashariki, ambako mashamba na malisho hukutana na Pori la Akiba la Maswa, linalopakana na Hifadhi ya Serengeti. Pori hilo, lililotengwa mwaka 1962, liko mbali na mji wa Maswa ingawa lina jina lake, kwani lilipewa jina hilo enzi wilaya ilipokuwa pana kuliko leo. Kuingia katika pori la akiba bila kibali ni kosa kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Chukuliwe mfano wa mchungaji na askari wanaobishana kuhusu mahali ng'ombe walipokutwa. Mmoja ana namba za ramani ya zamani, mwingine ana namba za kipokezi. Wote wawili huweza kuwa wakweli, na bado wakatofautiana kwa mita 300. Asiyejua datumu hana njia ya kuwapatanisha, na hasara ya kutojua huko huweza kuwa mifugo ya mtu.

Kosa la kufanana na hilo hutokea katika namna ya kuandika. Latitudo ya 3.17° si sawa na 3° 17'. Ya kwanza ni nyuzi 3 na dakika 10.2. Tofauti ya dakika 6.8, kila moja ikiwa na mita 1,843 hivi, huleta kilomita 12.5. Kadhalika, anayetumia gridi ya UTM hana budi kuhakikisha kwamba chombo kimewekwa katika kanda ya 36 Kusini, inayoanzia longitudo ya 30° hadi 36° Mashariki, ambamo Mkoa wa Simiyu umo.

SIFA ZA KUANGALIA WAKATI WA KUNUNUA

Kutokana na hayo, mnunuzi wa Nyalikungu afaa kuuliza maswali yafuatayo kwa mpangilio huu.

1. Datumu na gridi. Je, orodha ya chombo ina Arc 1960 pamoja na WGS 84? Je, chombo huweza kuonyesha gridi ya UTM? Chombo kisichoweza haya kiachwe, hata kikiwa na picha nzuri za rangi.

2. Umeme. Vipokezi vingine hutumia betri ndogo za AA ambazo hupatikana madukani vijijini. Vingine vina betri ya ndani inayochajiwa. Msafiri wa siku nyingi hunufaika na za kwanza, kwani hubeba akiba mfukoni. Mwenye chombo cha betri ya ndani awe na njia ya kuchaji kwa nguvu za jua, na asikiache juani, kwa maana joto hufupisha maisha ya betri hizo.

3. Kioo na vitufe. Kioo kisomeke katika jua la adhuhuri. Jambo hili lijaribiwe nje ya duka, si ndani. Vitufe vya kubonyeza huvumilia mikono yenye tope kuliko kioo cha kugusa, ambacho matone ya mvua huweza kukichanganya.

4. Kinga. Alama ya IP67 humaanisha kwamba vumbi haliingii, na kwamba chombo huvumilia kuzamishwa katika maji ya kina cha mita 1 kwa dakika 30.

5. Mtikisiko. Chombo kinachofungwa kwenye usukani wa pikipiki hutikiswa saa nyingi, na betri za AA huweza kuachana na vyuma vyake kwa nukta moja, chombo kikazimika. Kishikizo kiwe na mpira, na kamba ya akiba ifungwe.

6. Kumbukumbu ya njia. Chombo kirekodi njia iliyopitwa na kuweza kumrudisha msafiri kwa njia hiyohiyo. Katika nchi ya mbuga sifa hii ni muhimu kuliko mstari mnyofu wa kuelekea mwisho wa safari, kwa maana mstari mnyofu hupita topeni.

7. Dira. Chombo kisicho na dira ya ndani hutambua upande kwa mwendo tu. Mtumiaji akisimama, mshale wake hauaminiki.

8. Masafa mawili na mifumo mingi ya setelaiti. Hizi ni sifa njema kama fedha zinatosha, lakini zisitangulie zile za juu.

Huulizwa mara nyingi kama simu ya mkononi haitoshi. Simu nyingi za kisasa zina kipokezi ndani yake, na hicho hufanya kazi hata pasipo mtandao, mradi ramani ziwe zimehifadhiwa mapema. Penye mtandao simu hupata habari za setelaiti upesi. Pasipo mtandao hulazimika kuzisikiliza kutoka angani, ambako habari za njia ya kila setelaiti hurudiwa kila baada ya sekunde 30, na orodha ya setelaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Kwa kazi fupi karibu na mji, simu yafaa. Kwa safari ya siku kadhaa, si busara chombo kimoja kiwe ndicho ramani, taa na njia pekee ya kuita msaada.

ZOEZI: KUPIMA SHAMBA LA PAMBA

Wengi hununua kipokezi ili wapime maeneo. Tuseme shamba la mraba la ekari 1, yaani mita za mraba 4,047, limepimwa kwa kusimama katika kila pembe. Kila upande ni mita 63.6. Ikiwa kosa la kawaida katika kila pembe ni mita 3 kwa mashariki na mita 3 kwa kaskazini, na makosa ya pembe hayategemeani, hesabu huonyesha kwamba kosa la kawaida la eneo ni:

1.41 × urefu wa upande × kosa = 1.41 × 63.6 × 3 = mita za mraba 270 hivi.

Hiyo ni karibu asilimia 7 ya shamba. Kwa shamba la ekari 10, ambalo upande wake ni mita 201, kosa ni mita za mraba 850 hivi, yaani asilimia 2 tu. Chombo ni kilekile na mpimaji ni yuleyule, ila shamba dogo huumizwa zaidi. Kwa hiyo mkulima mdogo, ambaye mbegu na dawa zake hukadiriwa kwa ekari, ndiye anayestahili kupimiwa kwa uangalifu mkubwa. Kwa shamba la ekari 1, utepe wa kupimia wa mita 50 huweza kuwa bora kuliko setelaiti.

Shuleni jaribio lifuatalo halihitaji gharama nyingi. Wanafunzi wachague mahali panapotambulika vizuri katika ramani ya 1:50,000 ya wilaya yao, kama vile njia panda ya zamani au daraja. Wasome namba za gridi katika ramani, kisha wasimame mahali penyewe na kipokezi, kwanza kikiwa katika WGS 84, halafu katika Arc 1960. Tofauti ya masomo ya kwanza, ambayo katika ramani hiyo ni milimita 6 hivi, itaonekana kwa macho. Ya pili itakuwa karibu ifutike.

HITIMISHO

Kipokezi cha GPS ni chombo cha ajabu, lakini hakijui mtumiaji anashika ramani gani. Anayenunua kwa kufuata matangazo ya nchi za theluji hulipia sifa asizozihitaji na kukosa zile zinazomfaa. Nchini Tanzania mtandao mpya wa upimaji uitwao TAREF11 umefungamanishwa na mfumo wa dunia, lakini ramani na hati za zamani zingali mikononi mwa watu, na migogoro ya mipaka huamuliwa kwa hizo pia. Kwa hiyo kila namba inayoandikwa daftarini iandikwe pamoja na jina la datumu yake na tarehe ya kupima. Namba isiyo na datumu ni sawa na urefu usio na kipimo: haijulikani kama ni mita au ni hatua.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Saa ya kipokezi ikikosea kwa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde, umbali utakosewa kwa mita ngapi?

2. Shamba la mraba la ekari 4 lina upande wa mita 127. Kwa kutumia kosa la mita 3, tafuta kosa la eneo kwa asilimia.

3. Kwa nini kipokezi kinachoonyesha usahihi wa mita 3 huweza kumpeleka mtu mita 300 mbali na mahali alipokusudia?

Majibu: (1) Mita 30. (2) Asilimia 3.3 hivi. (3) Kwa sababu usahihi huo ni wa kupima katika datumu ya chombo, nao hauhusu datumu ya ramani iliyotoa namba.